Kidole cha Olga

Swali la saba nililitunga mimi mwenyewe, na nililipenda kama mama anavyompenda kitinda mimba. Lilikuwa na picha nne za watoto upande mmoja na picha nne za vifaa upande wa pili: fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu, kifaa cha kuvaa sikioni, na kibao cha kuandikia nukta za wasioona. Mwanafunzi anakiburuta kifaa kwa kidole mpaka kwa mtoto anayekihitaji, basi. Nililiweka hivyo kwa ajili ya viziwi, maana wengi wao wanachoshwa na maandishi marefu, na siku nilipolionyesha ofisini watu walipiga makofi. Niliringa, sitaficha. Wiki nzima nilitembea Mbarara kama mtu aliyenunua gari.

Naitwa Sidonie. Kule Uvira, Kongo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nimeishi miaka saba, nikilima mahindi na kufundisha watoto wa majirani kusoma. Mdomo wangu ni mkali, wenyewe kule kambini wananiita Mama Pilipili, na mara nyingi nimewatukana watu wanaotuletea miradi bila kutuuliza kitu. Mlitujengea vyoo ambavyo mama mjamzito hawezi kupanda ngazi zake, nilikuwa nasema, kwa nini hamkuuliza mama mjamzito hata mmoja? Nilisema hivyo kwenye mkutano, mbele ya wageni, na mmoja wa wageni hao alikuwa Ignatius wa chuo kimoja cha Mbarara. Miezi miwili baadaye aliniita kazini kwa sababu ya mdomo huo huo.

Chuo kilitaka kozi ya mtandaoni ya kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu wa watoto wenye ulemavu. Na kilitaka hata wenye ulemavu wenyewe waweze kuisoma, mtu awe kiziwi, awe hana mikono, awe haoni, awe Nakivale na kasimu kake kadogo. Wataalamu wa kompyuta walikuwepo. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga masomo, kutunga maswali, kurekodi sauti, na kuhakikisha kwamba kila mtu anapita mlangoni. Somo la kwanza kabisa linaanza kwa sauti yangu, na maneno ya kwanza ni haya: Usikisie mwanafunzi wako anahitaji nini. Muulize.

Sasa nieleze Olga ni nani.

Olga nilikutana naye siku ya kwanza kabisa Uganda, pale Kabazana wanapoandikisha wageni wapya. Alikuwa na miaka kumi na saba, amemshika mama yake bega, macho yake yaliharibiwa na surua akiwa mtoto mchanga. Tulikuwa kwenye mstari mmoja wa kuweka vidole. Kila mkimbizi anajua mstari huo: unaweka kidole kwenye kioo, mashine inalia, umekuwa mtu. Mashine ilimkataa Olga. Afisa akavipangusa vidole gumba vyake kwa kitambaa, akajaribu tena, ikakataa tena, watu nyuma wakaanza kunung'unika. Ndipo mama yake akaeleza kwamba mtoto alipokuwa na miaka sita aliipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akidhani ni ile iliyopoa, na vidole gumba vyote viwili viliungua hadi vikabaki laini, bila mstari. Nilimgeukia mtu aliyekuwa analalamika, nikampa maneno yake. Kisha nikamshika Olga mkono tukangojea pamoja mpaka walipopata njia ya kumwandika kwa vidole vingine.

Tangu siku ile akaniita yaya, kama dada mkubwa. Mama yake, tunayemwita Mama Olga kama ilivyo desturi yetu, akaniita binti yangu. Nyumba zetu kambini zilitenganishwa na shamba la muhogo tu. Ile alama ya kidole chake niliijua kuliko afisa yeyote, ndiyo maana mpaka leo sielewi kichwa changu kilikuwa wapi.

Kanuni ya Ignatius ilikuwa hivi: kozi haifunguliwi mpaka watu watatu wenye ulemavu wameijaribu yote, mwanzo hadi mwisho, mtihani pia, na kila mmoja amesaini fomu kwamba amepita bila kukwama. Asiyeweza kuandika jina anaweka kidole gumba. Kiziwi nilimpata Mbarara mjini, akajaribu siku nzima, akanirekebishia mambo tisa. Kijana asiye na mkono mmoja alijaribu, akarekebisha mengine. Wa tatu alikuwa Olga. Nilimpigia simu, nikamwambia Jumamosi nakuja na kompyuta, tutakaa wote. Alifurahi mno. Mama yake alisema atapika sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga.

Jumamosi ile nilitoka Mbarara asubuhi na wenzangu wa ofisi, kwa sababu walikuwa wanaenda Masha, na Masha iko kwenye njia hiyo hiyo ya Isingiro. Kulikuwa na sherehe ya kumkabidhi binti wa mfanyakazi mwenzetu kwa wakwe zake, Wanyankole wanaiita kuhingira. Walisema nishuke nisalimie kidogo, kisha niendelee na safari. Nilishuka. Wakanivika vitambaa vyao, mmoja begani, mmoja kiunoni, wakanikalisha kiti cha mbele, mama mmoja akanipakulia matoke na eshabwe, ile samli yao nyeupe, akanisifu kwamba nimependeza kama mtu wa kwao. Miaka saba mimi ni mkimbizi. Miaka saba jina langu ni namba ya familia. Siku ile nilikuwa Sidonie wa chuoni, na nilitaka iendelee kidogo, halafu kidogo tena. Saa kumi na moja jioni mvua ikanyesha, njia ya Nakivale ikawa matope, na mimi nikashukuru Mungu kwa ile mvua. Nilimpigia Olga nikasema gari limeharibika.

Fomu ilitakiwa Jumatatu saa sita mchana.

Jumatatu asubuhi nilifika ofisini kabla ya wote, nikafunga mlango. Nikatoa kitenge changu, nikajifunga machoni, nikawasha ile sauti ya simu inayomsomea asiyeona kila kilichoko kwenye kioo. Nilijiambia: Sidonie, wewe ni mwalimu, unamjua Olga kama mdogo wako, ukipita wewe atapita yeye. Na kweli nilipita. Somo la kwanza nilipita. La pili, la tatu. Mtihani, swali la kwanza hadi la sita, nilipita nikipapasa papasa na kujisifu. Nilipofika la saba sauti ikaniambia, "Picha. Picha. Picha. Picha." Nilipapasa. "Picha." Nikapapasa tena. Saa ya mtihani ilikuwa inahesabu. Ofisi ilianza kuwa na watu, nilisikia Olivia, mwenzetu wa ofisi, anafungua madirisha ya chumba cha pili.

Niliinua kitambaa.

Niliinua kidogo tu, jicho moja, nikaburuta fimbo kwa mtoto asiyeona, nikaburuta kiti, nikaburuta vingine, nikashusha kitambaa, nikaendelea na swali la nane. Nilimaliza nikiwa na alama tisini. Kisha nikaichukua fomu, nikaandika jina la Olga, nikaandika tarehe ya Jumamosi, mahali Nakivale, nikaandika kwamba mjaribu hakukwama popote. Palipoandikwa sahihi au kidole nilifungua kisahani cha wino wa muhuri, nikabonyeza kidole gumba changu mwenyewe. Alama ilitoka safi, na kila mstari ulionekana.

Nilijiahidi nitaenda wiki ijayo kumjaribisha kweli, na kama kuna kitu nitakirekebisha kimya kimya. Wiki ijayo kulikuwa na kazi. Wiki iliyofuata nayo. Mnajua ahadi za namna hii zinavyokufa.

Kozi ilifunguliwa mwezi wa tano. Walioomba walikuwa zaidi ya mia mbili, waliochukuliwa thelathini, na Olga alikuwa mmoja wao kwa nguvu zake mwenyewe, sikumsaidia hata neno moja. Mwalimu mkuu wa shule moja kule kambini alikuwa na watoto watano wasioona waliokaa nyuma ya darasa wakisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Alimwambia Olga: ukipita sehemu ya kwanza ya kozi hiyo, watoto hawa ni wako, nitakupa chumba. Olga aliniimbia habari hiyo kwenye simu. Tayari alikuwa ameanza kujifunza majina yao na sauti zao, nani anapenda hesabu, nani analia akiitwa.

Kanuni ya chuo ilisema asiyefikisha nusu kwenye mtihani wa kwanza anatoka, nafasi yake anapewa mwingine. Mtihani ni dakika arobaini. Olga aliufanya nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mtandao unashika, mama yake akiwa amesimama kando akifukuza mbuzi. Maswali sita alijibu kwa dakika kumi na tatu. Zilizobaki zote, ishirini na saba, alizimalizia kwenye swali la saba, kwa sababu mtihani ulikuwa hauruhusu kuruka swali. Hilo pia nililipanga mimi. Alipata thelathini.

Alinipigia siku ile ile. Nilitegemea alie, au anitukane, ningefurahi angenitukana. Hakulaumu mtu.

"Yaya," aliniambia, "ile ya saba, simu ilikuwa inasema tu picha, picha. Nilingojea iseme kintu kingine. Miye nilikosa kuelewa fasi gani?"

Nilimwambia hajakosa kitu. Akasema hapana, lazima kuna mahali hakusikiliza vizuri, maana somo la kwanza alilisikiliza mara kumi na moja, na sauti yangu anaijua, na kama kungekuwa na kitu cha kuuliza mimi ningemuuliza. Nilikata simu nikaenda kukaa chooni mpaka Olivia alipogonga mlango.

Hapo ndipo mtu mwenye haya angeenda kwa Ignatius kusema yote. Mimi nilienda kusema nusu. Nilimwambia swali la saba lina kasoro kwa wasioona, tulitoe, tumrudishe yule binti. Ignatius ni mtu wa taratibu. Baba yake alikuwa askari, amekulia kambi ya jeshi pale Mbarara, na Kiswahili chake ni cha jeshini, anakisema nasi Wakongomani kwa makusudi ili tujisikie nyumbani. Alisema mtihani ukishafanywa hauguswi bila malalamiko ya mwanafunzi mwenyewe. Basi Olga akatuma malalamiko kwa sauti ya simu, kwa adabu nyingi, na mimi ndiye niliyeyaandika kwenye karatasi. Nilifikiri yataisha hapo. Lakini Ignatius, akifuata taratibu zake, akafungua faili la kozi, na ndani ya faili kulikuwa na ile fomu. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba utaitembea na mtu mwingine mabegani.

Wakaitwa Mbarara siku ya Alhamisi, Olga na mama yake. Walifika wamevaa nguo za kanisani. Mama Olga alikuwa ameniletea ndizi mbivu na kunikumbatia mlangoni, akanishukuru kwamba nimewapigania. Nilizipokea zile ndizi. Sikujua niziweke wapi, nikaingia nazo mpaka ndani ya kikao.

Chumba kilikuwa kidogo. Ignatius upande mmoja wa meza, Olga na mama yake upande wa pili, mimi pembeni na ndizi zangu. Ignatius aliongea kwa upole. Alimwomba Olga aeleze, Olga akaeleza kuhusu picha. Ignatius akatikisa kichwa, akatoa karatasi kwenye faili.

"Wewe Olga, mimi nataka kusaidia wewe," alisema. "Lakini hii karatasi iko nasema ulijaribu kozi yote mwezi ya pili, kule Nakivale, pamoja na Sidonie. Na ulisema mtihani iko sawa, hakuna shida. Kidole yako hii hapa. Sasa mimi nifanye nini?"

Mama Olga alinitazama, hajaelewa. Olga hakugeuza kichwa upande wangu. Nilimwona akifikiri. Uso wake haujui kuficha kitu. Alikuwa anaikumbuka ile Jumamosi, sombe, gari lililoharibika. Nilijua sasa amefika kwenye ukweli. Nilingojea aseme.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Nilijaribu. Nilikuwa nimesahau. Kosa ni ya miye."

Mniache niseme hili kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo linalonichoma kuliko fomu yenyewe. Nilipumua. Kifua changu kililegea, kama mtu aliyeteremsha mtungi. Nilifikiri: nimepona.

Ignatius alisikitika kweli. Alisema basi malalamiko yamefungwa, hakuna ubaya, mwakani aombe tena. Akavuta karatasi nyingine, akaandika mistari miwili, kwamba mwanafunzi amekubali uamuzi. Akamsukumia Olga na kile kisahani cha wino.

"Weka kidole hapa, tumalize."

Olga hakutoa mikono. Ndipo nikaitazama. Alikuwa ameiviringisha ndani ya kitenge chake, mapajani, ameikunja ngumi, na vidole gumba ameviingiza ndani kabisa ya ngumi. Alikuwa anavificha. Yeye asiyeona alikuwa amekumbuka kitu ambacho mimi mwenye macho mawili nilikisahau siku ile na wino wangu: kwamba kidole chake hakitoi mistari, na kwamba kikigusa karatasi ile, kando ya ile ya kwanza, hata mtoto ataona. Alisema mikono inamuuma leo. Ignatius akasema ni sekunde moja tu. Olga akasema inamuuma sana. Mama yake akashangaa, akamgusa, inakuuma tangu lini? Kisha Mama Olga akamgeukia Ignatius, akafungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema. Alitaka kusaidia. Alitaka kueleza kwamba vidole vya mwanawe ni vya shida, hata Kabazana mashine ilivikataa.

"Kile kidole si cha Olga," nilisema. "Ni changu."

Mpaka leo sijui kama nilisema kwa sababu ya zile ngumi kwenye kitenge au kwa sababu mama yake alikuwa tayari amefungua mdomo. Nimejiuliza kanisani, nimejiuliza nikilima. Ningependa kuwaambia ni zile ngumi.

Nikasema na yaliyobaki. Masha, sherehe, mvua, kitambaa, swali la saba, jicho moja. Nilisema haraka haraka, zile ndizi bado mapajani. Ignatius hakupandisha sauti. Alichukua karatasi nyeupe, akanisukumia wino, nikaweka kidole changu. Akailaza kando ya fomu, akavua miwani, akavaa tena. Kisha akamwomba Olga, kwa sauti ya chini sana, kama anaweza kumwonyesha vidole vyake. Olga akaitoa mikono, akaiweka juu ya meza, viganja juu. Ignatius aliangalia muda mrefu.

"Kwa nini wewe ulisema ni yako?" alimuuliza.

Olga akaivuta mikono yake, akairudisha ndani ya kitenge. Jibu alinipa mimi baadaye, nje kwenye ukumbi, wakati mama yake amekaa kwenye benchi akitazama ukuta. Nilipiga magoti mbele ya Olga, watu wakipita, nikamwomba msamaha. Aliniambia niinuke kwanza, watu wasione.

"Nilifikiri hivi," alisema. "Miye nikikosa, ni muntu mumoja amekosa. Weye bakikufukuza, ndani ya ile biro ya chuo hakuna tena muntu anatujua. Ndiyo nikasema ni miye." Kisha akaongeza, "Lakini nilikuwa nangojea, yaya. Nilijua utasema. Na nikasikia vile ulipumua."

Nilishika tu ncha ya kitenge chake. Mimi, Mama Pilipili.

Ignatius alifanya kama alivyopaswa. Alama za swali la saba zikafutwa kwa wanafunzi wote, Olga akarudishwa afanye mtihani upya baada ya kozi kujaribiwa kihalali, na mimi nikaambiwa mwisho wa mwezi nirudishe kompyuta na ufunguo wa ofisi. Alisema atamtuma mtu mwingine Nakivale kwa hilo jaribio. Olga akakataa. Alisema aliyelitunga swali ndiye aje alitengeneze, yeye akisikia kwa masikio yake. Ignatius alinitazama, kisha akasema sawa.

Nilienda Jumamosi. Hakuna aliyeniuliza habari za mjini. Mama Olga alinipakulia bugali na sombe, sahani imejaa, nyama juu, lakini hakuniita binti yangu, aliniita Madame. Nilikula chote. Kisha tukakaa nyuma ya tangi la maji, mimi na kompyuta, Olga na simu, mpaka jua linainama. Alikwama mahali kumi na nne. Kumi na nne, na mimi nilikuwa nimeandika hakukwama popote. Kila alipokwama alisema tu, "Hapa," nami nikatengeneza, naye akajaribu tena. Hakunifokea hata mara moja. Katikati ya somo la kwanza sauti yangu ilitoka kwenye simu, usikisie mwanafunzi wako anahitaji nini, na wote wawili tuliinamisha vichwa mpaka ikapita.

Swali la saba hatukulifuta kabisa kwenye kozi. Olga alisema viziwi wanalihitaji, waachiwe. Aliniambia kila picha niipe maneno ambayo simu itayasoma, na mahali pa kuburuta niweke pia namba za kuchagua. Ilichukua dakika kumi na tano. Alilijibu kwa dakika moja, akacheka kidogo, akasema kumbe lilikuwa rahisi hivi.

Ilipofika fomu nilimsomea kila mstari, na pale palipoandikwa kukwama niliandika mara kumi na nne na mahali pote kumi na nne. Nikaweka tarehe ya siku ile. Nikafungua kisahani cha wino nilichokuja nacho. Alinipa mkono, ule ule nilioushika Kabazana kwenye mstari, nikakichukua kidole gumba chake, nikakilaza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

"Imetoka namna gani?" aliuliza.

Nikamwambia ni doa jeusi tu, halina hata mstari mmoja.

"Na ile yako, ile siku, ilitoka namna gani?"

"Ilitoka vizuri," nilisema.

Alikipangusa kidole kwenye ncha ya kitenge chake, taratibu, mpaka alipohisi kimekauka. "Basi uwaambie kule biro," alisema, "yenye kutoka mubaya ndiyo ya Olga."